Uongo wa Njaa na Uongo wa Dawati

Uadilifu kazini ukitajwa nchini Kenya, mazungumzo huelekea kwenye hongo na hukomea hapo. Sheria zimekwenda mbali zaidi: Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003 (iliyofutwa 2025), Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012. Ila machoni pa wengi, karani ambaye hajala chai ya mtu ni karani mwadilifu. Dai la makala hii ni kwamba kipimo hicho ni chepesi mno, na kwamba Garissa, pamoja na kaunti za Wajir na Mandera, ndipo wepesi wake unapoonekana wazi.

Msomaji wa huko hahitaji kusimuliwa kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyerudi na mali akaigawa: fungu hili lenu, hili nimezawadiwa. Mtume akahoji kama angeletewa zawadi hizo lau angeketi nyumbani kwa wazazi wake. Hoja hiyo ni kali kuliko kanuni nyingi za serikali, maana haiulizi zawadi ilikuwa ya shilingi ngapi, inauliza imekujaje. Nami naona haiwahusu wapokeaji peke yao. Uwezo wa kumwambia mtu “njoo kesho” nao umekuja na kiti. Hakuna ambaye angemsikiliza karani huyo akiwa amekaa kwao.

Mfano mzito ni ule wa usajili wa mara mbili. Kambi za Dadaab, huko Garissa, zilianza 1991 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Somalia, na ukame wa 2011 ulipopiga zilikuwa na watu zaidi ya laki nne, ilhali kambi tatu za awali zilikusudiwa watu 90,000. Katika miaka ya ukame, jamii za wafugaji wa Kenya wanaoishi kandokando ya kambi zilikuwa zimepoteza mifugo. Ndani ya kambi kulikuwa na chakula, matibabu na shule. Baadhi ya wazazi walijiandikisha kama wakimbizi pamoja na watoto wao, na alama za vidole zikachukuliwa. Miaka ikapita, mtoto akafikisha umri wa miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, vidole vyake vikaonekana kwenye rejista ya wakimbizi. Ombi likakwama. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti ya benki, hapati kazi rasmi, na kuvuka daraja la Tana kuelekea Nairobi huwa ni mashaka matupu. Waliokwama hivyo ni maelfu.

Mzazi alisema uongo, hilo halina ubishi. Aliusema mbele ya njaa, na aliyekuja kuulipia ni mtoto ambaye hakutamka neno. Sasa mtazame afisa aliye dawatini. Analijua jina la ukoo, analijua bwawa walikonywesha ng’ombe, pengine amesoma na kaka wa mwombaji. Anajua huyu ni Mkenya. Hata hivyo anajibu kwamba mfumo umekataa, kisha anaita anayefuata. Hakupokea senti. Kwa kipimo cha hongo ametoka msafi. Kwa kipimo cha ukweli amenyamazia jambo analolijua, na hakuna kanuni ya nidhamu itakayomgusa.

Atajitetea kwa usalama, na utetezi huo una uzito. Mji uliopatwa na msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa wa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, hauwezi kuambiwa kwamba vitambulisho ni karatasi tu. Lakini ukali usiotoa sababu haumzuii mwenye fedha, humpandishia bei. Anayebaki nje ni yule mchunga mbuzi asiye na cha kutoa. Ndivyo hongo na ukali wa kimya vinavyolishana, ingawa hotuba za maofisini huvitaja kama maadui.

Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa utaratibu wa kuwapiga msasa waombaji wa kaskazini, mrithi wa uchunguzi wa 1989 ulioanza kuwagawa Wasomali wa Kenya kwa kadi maalumu. Ni hatua ya haki. Ila kamati za wazee zilizowapiga msasa waombaji hao, pamoja na upendeleo wote wa koo, zilikuwa na jambo moja jema: mzee alishuhudia mbele ya wenzake, na akidanganya walimjua. Uamuzi ukihamia kwa chifu na karani, shahidi hayupo.

Kwa hiyo naikimbilia Ibara ya 47 ya Katiba, inayompa haki ya sababu za maandishi kila mtu ambaye uamuzi wa kiutawala umeathiri vibaya haki yake. Afisa anayekataa ombi aandike sababu, tarehe na jina lake, na nakala aichukue mwombaji. Akishikilia kwamba ni mfumo uliokataa, basi aandike hivyo hivyo: ni rejista ipi, rekodi iliingizwa lini, mwombaji alikuwa na umri gani siku hiyo, na ni ofisi gani yenye mamlaka ya kuifuta.