Kijani Kilichokuwa Chini ya Buluu

Malori mengi ya jeshi la Uingereza yaliyotoka viwandani mwaka 1942 na 1943 hayakuwa ya kijani. Yalikuwa ya kahawia. Ukimwambia mtu yeyote achore gari la vita kwa kalamu za rangi, ataanza na kijani, lakini miaka ile oksaidi ya kromiamu, kiungo kinachotoa kijani kisichochujuka juani, ilikuwa adimu, na wakubwa wakaamua magari yapakwe rangi ambayo viungo vyake vilipatikana. Mwaka 1944 amri ikabadilika tena. Magari mapya yakaanza kupakwa kijani kilichofifia, kinachokaribiana na cha Wamarekani, kwa sababu Marekani ilikuwa ikileta magari mengi na ingekuwa hasara kubwa ya muda na rangi kuyapaka yote upya. Yale ya kahawia yaliachwa na kahawia yake mpaka yatakapohitaji kupakwa. Kwa hiyo katika msafara mmoja ungeweza kukuta rangi mbili au tatu, na hakuna aliyeona ajabu.

Nimeanza huko kwa sababu ya neno moja ninalolisikia sana watu wanapozungumzia kufufua magari ya zamani: "rangi yake halisi." Neno hilo linadhani gari lina rangi moja ya kweli, na nyingine zote ni uchafu wa kuondolewa. Kumbe hata jeshi la dola iliyotawala robo ya dunia lilipaka kwa kuangalia mfuko. Rangi iliyokuwepo stoo ndiyo iliyokuwa halisi mwaka huo.

Lori ninalolijua mimi ni Bedford RL. Limesimama nyuma ya nyumba ya babu yangu mzaa mama, Kilimanjaro, chini ya mgrevilea, tangu kabla sijazaliwa. Lori za aina hii zilianza kutengenezwa miaka ya 1950 na kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, zikawa punda wa jeshi lao: magurudumu yote manne yanavuta, injini ni ya petroli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.9, na kabini imekaa juu ya injini, pua bapa kama ya basi. Rangi yake ya kiwandani inajulikana mpaka namba. Ni 224 katika orodha ya viwango vya rangi ya Uingereza, kijani kizito kinachong'aa, karibu na cheusi kikiwa kivulini. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, na jeshi la wakati wa amani lilipenda magari yanayomeremeta.

Babu alilinunua mnadani Nairobi, miaka michache baada ya Waingereza kuondoa majeshi yao Kenya mwishoni mwa 1964. Alilipaka buluu, akawa anapakia magunia ya kahawa kupeleka Moshi mjini kwenye kiwanda cha kukoboa. Ni kazi hiyo iliyowasomesha mama na ndugu zake.

Mwaka jana mnunuzi wa chuma chakavu alikuja mara mbili. Mara ya pili alikuja na bei. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye kipato katika ukoo, alimkatalia, lakini akasema kama lori halitauzwa basi lisiendelee kuoza. Akatoa laki tisa. Hiyo ilikuwa ya rangi, misasa, thina, chakula cha mafundi na ujira wao. Injini itasubiri. Kwa kuwa mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia na nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya usimamizi, kana kwamba kusoma mambo ya kale kunamfundisha mtu kushika brashi ya waya.

Laki tisa inakuamulia mambo mengi. Mwenye fedha angelipeleka lori mahali penye mashine ya kupuliza mchanga, likavuliwa rangi yote mpaka chuma kitupu kwa siku moja. Sisi tulikuwa na brashi za waya, kwangua za puti, grainda moja ya kuazima, na misasa ya maji. Fundi rangi wetu, kijana wa umri wangu aliyeniita msomi tangu siku ya kwanza, alikataa kabisa msasa mkavu. Rangi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake ukilivuta linakaa mwilini. Tulifunga vitambaa mdomoni, tukalowesha bati, tukasugua polepole. Pale palipokuwa pazima hatukupagusa zaidi ya kupakwaruza ili rangi mpya ipate pa kushika. Nguvu yote tuliipeleka kwenye kutu.

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Kinachoshangaza ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi huvimba kama andazi kabla ya kubanduka. Kutu ipo chini inasukuma, na kila ufa inaoufungua unaingiza maji mengine. Ukipaka juu yake umeificha tu. Lazima uikwangue mpaka isibanduke tena, kilichobaki kwenye vishimo ukipake dawa yenye asidi ya fosforasi inayoigeuza kuwa tabaka gumu lisiloendelea kula bati, halafu upake praima mapema kabla umande haujashuka. Praima yenyewe, ile nyekundu inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, wekundu wake unatokana na oksaidi ya chuma. Kwa maneno mengine, ni kutu iliyosagwa. Fundi alicheka nilipomwambia. "Kwa hiyo tunamzuia mwizi kwa kumwajiri ndugu yake?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu huyo ndugu amekwisha kula, hana njaa tena.

Kwa kuwa hatukuweza kuvua rangi yote, tuliziona zote. Kwenye mlango wa kushoto, msasa ulipokula kwa mshazari, matabaka yalijipanga kama pete za mti. Juu kulikuwa na buluu iliyopauka. Chini yake kijani kisichong'aa, kimepakwa kwa brashi ovyo ovyo, kina chembe za mchanga ndani. Chini yake buluu nyingine, ya zamani na nzuri zaidi. Halafu kile kijani kizito cha Uingereza, na chini kabisa praima ya kiwandani. Vitatu nilivijua. Kijani cha katikati sikukijua.

"Hicho cha Kagera," babu alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti.

Tarehe za vita hivyo kila mwanafunzi wa Tanzania anazijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya Mto Kagera ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Aprili 11, 1979, Kampala ikawa imeanguka. Kisichosemwa sana madarasani ni kwamba jeshi halikuwa na magari ya kutosha kuvusha maelfu ya askari na mizigo yao kutoka pembe zote za nchi mpaka kwenye mpaka ule. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa, mara nyingi pamoja na madereva wake. La babu lilikuwa mojawapo. Aliambiwa alipake kijani kabla ya kuondoka. Akanunua rangi iliyopatikana, akapaka jioni moja na utingo wake barabarani, vumbi likipita. Ndiyo ile michanga.

Historia ya magari ya vita imeandikwa vizuri sana kwa upande wa magari. Mtu akitaka kujua Marekani ilitengeneza malori mangapi ya GMC CCKW katika Vita Kuu ya Pili, jibu ni zaidi ya laki tano, na wapo watu Ulaya wanaoyafufua kwa uangalifu wa ajabu, nyota nyeupe kwenye mlango ikiwa na kipenyo sahihi. Malori hayo ndiyo yaliyobeba mafuta na risasi kuwafuata wanajeshi waliokuwa wakikimbiza Wajerumani nchini Ufaransa, katika msafara ulioitwa Red Ball Express, kati ya Agosti 25 na Novemba 16, 1944. Karibu robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililokuwa bado linawatenga weusi na weupe. Mwaka huohuo, mvua za masika zikinyesha Burma, keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa wakisonga katika bonde la Kabaw, na malori yao yakizama kwenye tope mpaka ekseli. Rangi za malori hayo zina namba za orodha. Wengi wa walioyasukuma hawakumbukwi hata na mtaa waliorudi kuishi.

Ubishi ulianza siku ya kuchagua rangi. Mjomba alikuwa amekwisha amua: kijani cha jeshi. Aliona biashara. Maharusi wangepiga picha, watalii wanaoshuka mlimani wangelikodi. "Baba, hili ni lori la jeshi. Tulirudishie heshima yake," alisema. Nilimkumbusha kwamba Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Lori si shati, lakini kijani kile barabarani kingeleta maswali. Mjomba akasema atatafuta kibali.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alimwambia mjomba, "wewe unasema la jeshi. Mimi nimekaa nalo miaka zaidi ya hamsini. Jeshi la Mwingereza lilikaa nalo michache, jeshi letu miezi minane. Hiyo mingine yote lilikuwa la kahawa." Kisha akaniambia nifungue mlango wa kushoto, niangalie upande wa ndani, chini ya kitasa.

Buluu ya juu pale ilikuwa na mikwaruzo iliyojaa rangi, kama makovu. Nilidhani ni brashi mbaya. Nililowesha msasa laini, nikapitisha mara chache tu, na kijani cha Kagera kikatokea kikiwa na mistari iliyochanwa kwa msumari, minne minne na mmoja wa kukata. Nilihesabu 23. Utingo alikuwa akihesabu safari, kila mzigo uliofika salama mstari mmoja, maana alitarajia baada ya vita watalipwa kwa safari. Alishikwa na homa wakiwa Bukoba mwanzoni mwa 1979, akafariki kabla ya Kampala kuanguka. Hakuwa askari. Katika makaburi ya mashujaa Kaboya, ambako jeshi liliwazika watu wake, hayumo. Alizikwa kwao, na babu ndiye aliyempeleka, kwa lori hilihili, bila kuchora mstari. Mwaka 1980, kahawa iliporudi, babu alipaka buluu juu ya kila kitu. Pale mlangoni alipaka koti moja tu, jembamba. Alituambia hilo bila kuulizwa.

Mjomba hakusema neno. Alitoka nje, akapiga simu, akarudi na kusema galoni za kijani alizoagiza duka litabadilisha.

Nimejiuliza kama tulichofanya ni kufufua. Wataalamu wa makumbusho wana desturi ya kuacha dirisha, sehemu ndogo isiyoguswa inayoonyesha matabaka yote, ili anayekuja baadaye ajue kilichokuwepo. Huo ndio mtindo tuliofuata, na kwa bahati nzuri ndio pia wa bei nafuu kuliko yote, kwa sababu usichokigusa hukilipii. Lori zima limepakwa buluu, kwa brashi na rola, makoti mawili, ya pili ikiwa imechanganywa thina kidogo ili isiache michirizi. Ukilisogelea utaona halijanyooka kama gari la shoo. Chini ya matigadi puti imejaa kuliko inavyopaswa. Lakini mlango wa kushoto, upande wa nje, una kipande cha ukubwa wa kiganja kinachoonyesha rangi zote mpaka praima ya Uingereza, na upande wa ndani mistari 23 ipo wazi, imefunikwa kwa vanishi isiyo na rangi ili unyevu usiifikie.

Hiyo vanishi haikuwa kwenye bajeti. Fundi alikata bei ya kopo lake kwenye ujira wake mwenyewe, na nilipokataa akasema baba yake naye alikuwa utingo.

Kazi iliyobaki ni ya karatasi. Jina la yule kijana halimo katika kitabu chochote nilichosoma kuhusu vita vya Kagera, wala ya mamia ya wengine waliokwenda na malori ya watu. Wapo wazee katika kila wilaya wanaoyakumbuka, na kila mwaka wanapungua. Babu amenitajia matano. Nimeyaandika kwenye daftari, na Desemba nikirudi nyumbani nitakwenda Mwika na Marangu kuwauliza wenzake.