Ng'ambo ya Maji: Nyumba na Ardhi Iliyo Chini Yake

Neno ng'ambo halina maana mpaka ijulikane msemaji amesimama wapi. Aliyeuita hivyo upande wa mashariki wa mji wa Unguja alikuwa amesimama kwenye rasi ya majumba ya mawe na chokaa, Shangani au Malindi, akiyatazama maji ya hori yakijaa na kupwa, na ng'ambo yake viambaza vya udongo na mapaa ya makuti. Yeye yuko mjini. Wale wako ng'ambo. Hori lenyewe lilifukiwa kipande kwa kipande, na kipande cha mwisho kikamalizika mwaka 1957. Daraja limebakia katika jina la Darajani tu. Maji yamekwisha, Ng'ambo ingali ng'ambo.

Mji huo ulikua kwa haraka baada ya Seyyid Said kuhamishia makao ya utawala wake kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa viliwaleta watu wengi kuliko rasi ilivyoweza kuwachukua. Waliovuka hori na kujenga upande wa pili walikuwa watumwa na mahuru, wachukuzi wa bandarini, mafundi, wavuvi, Wangazija, Washihiri, watu wa mashamba na watu wa Bara wa makabila mengi. Ilipotoka amri ya mwaka 1897 ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria, wengi waliokuwa mashambani waliliona pale mahali pa kuanzia maisha yasiyo na bwana.

Mitaa waliiita kwa kile walichokikuta. Miembeni, Mwembetanga, Kikwajuni, Michenzani: majina ya miti. Kisima Majongoo, Mchangani, Vikokotoni: kisima, mchanga na kokoto. Asiyewahi kufika Unguja akiyasoma majina hayo atadhani anasomewa habari za shamba. Na kwa kweli lilikuwa shamba, tena shamba la mtu.

Hapo ndipo lilipo fundo la habari yote. Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kwa boriti na fito, ikakandikwa udongo, ikaezekwa makuti. Mbele baraza, ndani ukumbi na vyumba, nyuma ua. Aliyeijenga ndiye mwenyewe: aliweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha chumba kimoja kimoja. Wenye nyumba hizo wanawake hawakuwa wachache, na kwa mwanamke aliyetoka utumwani nyumba ilikuwa ndiyo fungu lake la kwanza la kitu kiitwacho mali. Lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mwingine. Pengine ilikuwa wakfu, pengine ya tajiri wa Kiarabu au wa Kihindi aliyekaa upande wa mawe. Desturi ya visiwani yakubali jambo hili bila ya taabu: mnazi wangu waweza kusimama katika shamba lako, na sote tukaishi. Mwanzoni wenye ardhi wengi hawakudai kitu cha maana, kwani kuwa na watu waliokaa katika kiwanja chako kulikuwa heshima, nao walikuwa wafuasi wako.

Heshima haikudumu. Kufika miaka ya 1920 madeni yalikuwa yamewabana wenye mashamba, viwanja vingine vimeingia mikononi mwa wakopeshaji, na kiwanja kikaanza kuhesabiwa kwa rupia. Kodi ya kiwanja ilipanda na kupanda tena. Anayeshindwa kulipa hujikuta mbele ya mahakama, na akiamriwa kuondoka huenda na nyumba yake kwa namna ya ajabu: mlango huchukulika, boriti huchukulika, makuti yasiyooza huchukulika. Udongo haung'oki. Jasho la kukandika kuta hubakia kwa mwenye kiwanja.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma. Walikataa kulipa kodi ya kiwanja, wakakusanyika, wengine wakakamatwa, na wanawake hawakusubiri ndani ya ua. Serikali ya kikoloni, iliyozoea kuona Ng'ambo kama mahali pa maradhi na moto wa makuti, ililazimika kutoa amri ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo. Vitabu vya historia vya shule hulipita tukio hili mbio mbio. Haistahiki, kwa sababu hapa mahuru na wajukuu wa mahuru walisimama pamoja juu ya jambo moja, takriban miongo mitatu kabla ya siasa za vyama kupamba moto.

Mwaka huo huo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Yeye alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911 na kuifanya Ng'ambo kuwa nyumbani kwake. Wapenzi wa taarabu humsifu kwa sauti, nao wana haki. Ila aliyoyaimba aliyaokota barazani: kesi zilizoamuliwa kwa upendeleo, wakubwa walioiba, na katika wimbo wa Kijiti, mauaji na hukumu iliyowaangukia wasiostahiki. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu katika kasri ikapata Kiswahili cha watu waliodaiwa kodi ya kiwanja.

Wapanga miji walikuja na ramani zao, Lanchester mwaka 1923, Kendall mwaka 1958. Ng'ambo iliendelea kujengwa na wenyewe.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalitangazwa kutoka kituo cha redio cha Raha Leo, katikati ya Ng'ambo. Mwezi Machi ardhi yote ikawa mali ya serikali, na kodi ya kiwanja ya mabwana wa zamani ikafa. Mzee Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, alitaka Ng'ambo isiwe tena ng'ambo: barabara pana zenye kupishana, majumba marefu ya ghorofa kila upande. Ili Michenzani hiyo isimame, nyumba nyingi za udongo zilibomolewa. Waliopewa fleti walipata maji na umeme ndani. Walichokosa ni baraza. Ukuta wa zege hauna pa kukaa, basi watu wakashuka chini na mabenchi, bao na birika la kahawa. Karume mwenyewe hakuuona mradi ukikamilika. Aliuawa Kisiwandui, humo humo Ng'ambo, tarehe 7 Aprili 1972.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ng'ambo haikuwemo, ingawa baadaye mpango wa Ng'ambo Tuitakayo ulikwenda mtaa kwa mtaa kuwauliza wakaazi ni kipi wanachokithamini. Mji nao umeshaivuka: Jang'ombe, Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 890,000 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na huko Fumba alikotoka Siti pamekwisha kuzuka mji mpya wa fleti za kuuzwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 yaendelea kuihesabu ardhi kuwa ya umma. Mkaazi hupewa haki ya kuitumia. Mwenye nyumba Mwembetanga, ambaye bibi yake alikataa kulipa mwaka 1928, ana nyumba, na ardhi iliyo chini yake bado ni ya mwingine.