Jua la Bunia na Sindano Iliyopotoka

Herbert Lang alipoingia kaskazini-mashariki mwa Kongo mwaka 1909, akiandamana na James Chapin aliyekuwa na miaka 19, hapakuwa na kamera inayojipimia nuru. Msafara wao, uliotumwa na American Museum of Natural History ya New York, ulidumu hadi 1915 na kuleta negativu zipatazo 10,000. Lang alisafisha vioo vyake vya negativu hukohuko safarini. Kioo kilichopata nuru pungufu kilimwonyesha kosa mapema, naye akarekebisha kazi iliyofuata. Sifa anazopewa Lang kwa picha za watu wa Mangbetu na mfalme wao Okondo zinastahili kuugusa pia ufundi huu.

Ulaya kulikuwa na vipimo vya aina mbalimbali. Kimoja kilikuwa kipande cha karatasi yenye chumvi za fedha: mpiga picha alikiweka nuruni, akahesabu sekunde hadi kiwe na weusi wa kigezo. Kingine kilikuwa rula ya hesabu ya Hurter na Driffield, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1888, ambayo ilichorwa kwa latitudo maalumu. Ilijua urefu wa jua la mahali pake, kwa tarehe na kwa saa. Ukiihamishia Ikweta, inakosea.

Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani iliuza kipimanuru chenye seli ya seleni, na 1935 Zeiss Ikon ikaweka kipimo cha namna hiyo ndani ya kamera yake ya Contaflex. Miaka ya 1960 ikaja salfaidi ya kadimi, yenye kuona vizuri zaidi gizani lakini isiyofanya kazi bila betri. Kamera nyingi zilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35, iliyoshika nguvu ileile karibu hadi siku ya kufa. Betri hizo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazibana betri za zebaki.

Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 badala yake, katika kamera nyingi sindano ya kipimo hudhani nuru ni nyingi kuliko ilivyo. Picha hutoka na giza. Seleni nayo huchoka kwa umri na unyevu.

Hapa ndipo Bunia, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ina bahati ambayo London haina. Mji uko kama digrii moja na nusu kaskazini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana halishuki chini ya nyuzi 65 juu ya upeo wa macho, mwaka mzima. London, mwishoni mwa Desemba, halifiki hata 16. Kanuni ya zamani ya wapiga picha, yaani f/16 kwa sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa kasi ya filamu, inaweza kutumika Bunia Januari kama Julai, mradi anga iwe safi baada ya mvua na si wakati wa moshi wa kiangazi.

Ili kukikagua kipimo kwa filamu ya ISO 100, basi, shata iwe 1/125. Kipimo kielekezwe kwenye kadi ya kijivu iliyopigwa na jua. Kikisema f/22 badala ya f/16, kinapunguza nuru kwa hatua moja. Kirekebishe kwa kuweka kasi ya filamu kuwa 50. Asiye na kadi atumie kiganja, ambacho hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu kama uso unavyotofautiana, lakini aongeze nuru kwa hatua moja.

Kisha mpiga picha ajaribu kivulini, karibu na f/5.6. Kosa likiwa tofauti na lile la juani, kubadili kasi hakutoshi. Aandike jedwali la marekebisho. Anayetoka juani Komanda na kuingia msituni kuelekea Mambasa ajue pia kwamba salfaidi ya kadimi hukumbuka jua kali kwa muda. Kivulini asisome upesi. Asubiri sindano itulie kwanza.