Pete ya Mwimbaji na Matangazo ya Ndoa



Wapendwa wasomaji, huenda baadhi yenu mtashangaa kuikuta habari hii katika ukurasa wa paroko. Juma hili nataka tutafakari pamoja uchumba wa mwimbaji. Mwanzoni nami nililiona jambo hili kuwa la kipuuzi. Nilipolichunguza zaidi katika vitabu vya historia, nikagundua kwamba linatugusa sisi wenyewe kuliko nilivyodhani.

Tarehe 26 Agosti 2025, mwimbaji wa Marekani Taylor Swift na mchumba wake Travis Kelce, mchezaji wa timu ya Kansas City Chiefs, walitangaza uchumba wao kwa kuweka picha chache katika Instagram. Muda si muda habari ikaenea duniani kote. Vituo vya televisheni vikakatiza vipindi vyake. Siku hiyohiyo Rais Trump, akiwa katika kikao na mawaziri wake, aliulizwa maoni yake na waandishi wa habari, naye akawatakia wachumba hao heri. Makumi ya mamilioni ya watu wakaonyesha furaha yao kwenye picha zile, na wajuzi wa vito wakaanza kuichambua almasi ya pete na namna ilivyochongwa.

Mwimbaji huyu si mtu mdogo. Ziara yake ya maonyesho, iliyoanza Machi 2023 na kukoma Desemba 2024, ilikuwa na maonyesho 149 katika mabara matano. Ilihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 10 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 2. Septemba 2023 aliwahimiza mashabiki wake wajiandikishe kupiga kura, na shirika moja la uandikishaji likapata watu zaidi ya 35,000 kwa siku moja. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Harvard kilifundisha somo zima juu ya kazi zake. Basi, mtu mwenye sauti ya namna hiyo akivishwa pete, hapana budi watu wageuze shingo.

Je, jambo hili ni jipya? La hasha. Turudi nyuma zaidi ya miaka 170.

Tarehe 1 Septemba 1850, meli iitwayo Atlantic ilitia nanga New York ikiwa imemchukua mwimbaji wa Uswidi, Jenny Lind. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakimngoja bandarini, ingawa wengi wao hawakuwa wamepata kuisikia sauti yake hata mara moja. Aliyemwita ni P. T. Barnum, bingwa wa kuvuta umati, ambaye aliahidi kumlipa dola 1,000 kwa kila onyesho. Tikiti ya kwanza ilinadiwa, na muuza kofia mmoja akainunua kwa dola 225, fedha nyingi mno kwa siku zile. Punde kukawa na glavu, kofia na vitanda vilivyopewa jina la Jenny Lind. Chini ya Barnum aliimba katika maonyesho 95, yaliyoingiza zaidi ya dola 700,000. Lind mwenyewe aligawa sehemu kubwa ya mapato yake kwa maskini na kwa shule za nchini kwake.

Umati ulioipenda sauti yake haukuridhika na sauti tu. Ulitaka kujua moyo wake umeelekea kwa nani. Mwandishi Hans Christian Andersen alikuwa amempenda pasipo kupendwa, na habari hiyo ilijulikana. Hatimaye, tarehe 5 Februari 1852, Lind alifunga ndoa mjini Boston na mpiga piano wake, Otto Goldschmidt, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka tisa. Hakuufanyia umati sherehe. Ndoa ilifungwa katika nyumba ya mtu binafsi, mbele ya watu wachache. Mwezi Mei mwaka huohuo wakarejea Ulaya.

Tazameni tofauti ya wanawake hawa wawili. Mmoja aliificha ndoa yake umati usiivamie. Mwingine aliutangaza uchumba wake mwenyewe kabla wengine hawajautangaza kwa niaba yake. Njia ni mbili, lakini zote ni za mtu anayejua kwamba nje ya mlango wake pana watu wengi wenye macho makali.

Lakini kisa cha Lind hakikuishia Boston. Yeye na Goldschmidt waliishi pamoja miaka 35, wakajaliwa watoto watatu, wakakaa Ujerumani na kisha Uingereza. Mwaka 1876 Goldschmidt aliongoza Kwaya ya Bach mjini London kuimba Misa ya Bach katika B ndogo, na Lind, ambaye sauti yake iliwahi kunadiwa mamia ya dola, alisimama miongoni mwa wanakwaya wa sauti ya kwanza, akiimba na wenzake chini ya uongozi wa mumewe. Alifariki mwaka 1887. Umati wa bandarini haukuwapo katika miaka hiyo 35. Haukuuguza mtoto, haukupatanisha ugomvi wala haukuleta unga. Kazi yake ilikuwa kutazama, nayo ilikwisha.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Yamkini mtu atasema kwamba kufuatilia uchumba wa watu wengine ni umbeya mtupu. Mimi sisemi hivyo. Uchumba kwa asili yake ni jambo la watu wote. Mababu zetu walituma mshenga. Posa haikupelekwa gizani, na koo mbili zilikaa kikao. Kanisa nalo lilijifunza jambo hilohilo kwa uchungu. Katika karne za kati, ndoa za siri zilileta misiba mingi huko Ulaya: mwanamume aliahidi faraghani, kisha akakana hadharani, na mwanamke akakosa shahidi. Ndiyo sababu mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaagiza ndoa zitangazwe kanisani kabla ya kufungwa. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukaongeza nguvu: matangazo yasomwe katika sikukuu tatu mfululizo, na ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Matangazo tunayoyasoma hadi leo yana mizizi katika machozi ya wanawake wale.

Maana yake, jamii ilipewa haki ya kujua kwa sababu ilipewa pia wajibu. Mwenye kujua kizuizi aseme. Asiyekijua awaombee wachumba na kusimama nao. Kujua na kuwajibika vilikuwa mapacha.

Sasa niwaungamie jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, nilisoma matangazo ya wachumba wawili Jumapili tatu. Hakuna aliyekuja ofisini, na ndoa ikafungwa kwa shangwe. Kabla mwaka haujaisha ikabainika kwamba bwana yule alikuwa amekwisha kufunga ndoa katika mkoa mwingine, na mke wake wa kwanza yu hai. Dada yule akabaki na mtoto mchanga na aibu isiyokuwa yake. Nilipoulizauliza, nikakuta kwamba watu wasiopungua watatu walikuwa wakijua. Mmoja wao aliimba siku ya harusi. Aliniambia kwa sauti ya chini, “Baba, sikutaka kuingilia mambo ya watu.” Na bado mtu huyohuyo aliweza kunieleza bei ya gauni la bibi harusi na idadi ya magari ya msafara.

Nami sikuwa bila kosa. Majina yale niliyasoma harakaharaka, katikati ya tangazo la michango na tangazo la kikao cha kamati, watu wakiwa wamekwisha kufunga mikoba yao. Barua niliyoletewa niliipokea bila kuuliza zaidi. Nilifanya tangazo kuwa desturi tu, nao wakalisikia kama desturi tu. Tangu siku ile huwaita wachumba wasimame mbele ya waamini, nami husoma majina yao polepole, kisha hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo, vijana wapendwa, siwakatazi kuufurahia uchumba wa mwimbaji mnayempenda. Kufurahia furaha ya mwingine si dhambi, na mtu aliyewaimbia miaka mingi huonekana kama jirani. Lakini kumbukeni kwamba yeye si jirani. Hamna la kumshauri, na akipatwa na taabu hamtaitwa. Hapo mna ujuzi usio na wajibu, nao ni mwepesi kuubeba. Ndiyo maana ni mtamu. Binti wa jumuiya yenu anayetangazwa Jumapili hii ana haki ya kudai zaidi kwenu: kwamba mlijue jina lake, mseme ukweli mnaoujua kabla ya harusi, na mbishe hodi kwake mwaka wa tatu wa ndoa, wakati picha zimekwisha kufifia na mtoto analia usiku.

Jumapili ijayo, katika Misa ya kwanza, nitasoma majina ya wachumba wanne. Naombeni msifunge mikoba yenu mapema.

Nawatakieni juma jema lenye baraka tele.

Wenu katika Kristo,
Paroko