Mkono wa plastiki uliopoteza vipimo vyake

Kongolo. Mama mmoja kati ya ndugu zetu waliokimbia vita aliniuliza swali sokoni. Ameona kwenye simu ile mikono ya plastiki inayotolewa na mashini kwa watoto waliokatika vidole. Akasema: mtoto anakua kila mwaka. Kwa nini wasiuongeze ukubwa tu, kama mtu anavyokuza picha?

Nilicheka kidogo, kisha nikaona swali lenyewe lina uzito. Ndilo lililowasumbua mafundi waliobuni mikono hiyo, na historia yake si ya zamani sana.

Mwaka 2011, Ivan Owen, Mmarekani aliyeishi mji wa Bellingham na kutengeneza vitu vya michezo ya kuigiza, alijitengenezea mkono mkubwa wa chuma wa kuvutwa kwa nyuzi. Akaweka video yake kwenye intaneti. Mwaka huohuo Richard van As, seremala wa Johannesburg, Afrika Kusini, alikatwa vidole na msumeno katika karakana yake. Alipoona video, akamwandikia Owen. Wakaanza kufanya kazi pamoja, mmoja upande huu wa dunia, mwingine upande ule. Katika kutafuta mifano ya kale walikuta mkono uliotengenezwa Australia katika karne ya 19 kwa mfupa wa nyangumi na nyuzi za utumbo. Wazo la kuvuta vidole kwa uzi si geni hata kidogo.

Baadaye mama mmoja wa Afrika Kusini akawaomba wamsaidie mwanaye wa miaka mitano, aliyezaliwa bila vidole vya mkono wa kulia. Mwanzoni mwa 2013 kampuni ya MakerBot iliwapa mashini mbili za kuchapa vitu, zile zinazoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kazi ikawa ya haraka zaidi. Michoro wakaitoa bure, bila kudai hati ya umiliki. Mwaka huohuo Jon Schull, mtafiti wa Chuo cha Rochester huko Marekani, akawakusanya watu wenye mashini kama hizo katika mtandao wa kujitolea uitwao e-NABLE.

Shida ikaanza hapo.

Mashini ya kuchapa hupewa faili ya aina ya STL, iliyobuniwa na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987. Ndani ya faili hiyo hamna kidole, hamna tundu, hamna boliti. Kuna pembetatu ndogo tu, maelfu kwa maelfu, zilizoshonwa pamoja kama ngozi. Haiandiki hata kama namba zake ni milimita au inchi. Kwa kuchapa inatosha. Kwa kurekebisha ni balaa.

Mpelekee fundi wako wa nguo shati lililoshonwa Kalemie, umwambie alikuze mara moja na nusu, kila kitu kwa pamoja. Mikono itarefuka, kola itapanuka, sawa. Lakini na matundu ya vifungo yatapanuka, wakati vifungo vya sokoni ni vilevile. Shati halifungiki. Ndivyo ilivyo kwa mkono wa plastiki: ukikuza ngozi yote, kiganja kinamfaa mtoto, lakini tundu la skrubu ya milimita tatu linakuwa la milimita nne na nusu, na skrubu inacheza. Ukiipunguza kwa ajili ya mtoto mdogo, skrubu haiingii.

Dawa ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alionyesha katika chuo cha MIT programu iitwayo Sketchpad. Mtu angeweza kuiambia kompyuta kwamba mistari hii miwili ibaki sambamba, na kompyuta ikaitii hata mchoro ulipobadilishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Samuel Geisberg, mwanahisabati aliyehama kutoka Umoja wa Kisovieti, ikauza Pro/ENGINEER, ambamo umbo zima hujengwa kwa vipimo vyenye majina na kwa hatua zinazokumbukwa. Ukibadilisha namba moja, zinazoitegemea zinafuata, nyingine zinabaki.

Mwaka 2014, e-NABLE walikuwa na mkono ulioitwa Raptor Hand, uliopendwa sana. Kabla ya mwaka kuisha ukatoka wa pili, Raptor Reloaded. Kwa macho ni ndugu mapacha. Lakini huo wa pili ulichorwa upya toka mwanzo katika programu ya Fusion 360, ili mtu mwingine aweze kuufungua na kuubadilisha.

Kazi kama hiyo hufanywaje? Ngozi ya zamani huingizwa katika programu, lakini haiguswi: inabaki chini kama kielelezo, mfano wa shati kuukuu lililotandazwa mezani. Fundi huikata vipande kwa macho, huchora juu ya kila kipande mistari na duara safi, hutafuta mhimili wa kila tundu, huandika kipimo. Kisha huinua umbo jipya kutoka katika michoro hiyo na kulilaza juu ya la zamani aone limepishana wapi. Wavivu huiagiza programu igeuze kila pembetatu kuwa uso. Wanapata umbo lenye nyuso maelfu lisilojua lolote, kompyuta nayo inakwama. Na fundi lazima aamue: tundu linalopimika milimita 3.07, lilikusudiwa kuwa 3, au uchakavu wa kipimo? Kompyuta haijui. Anayejua ni aliyeshika skrubu.

Lakini si kila kitu kinafaa kugeuzwa namba, na kwa maoni yangu hapa ndipo Waganda walipotufundisha. Katika hospitali ya CoRSU, Kisubi, barabara ya Entebbe, wataalamu walishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kujaribu njia ya kompyuta kwa watoto waliokatwa miguu. Badala ya kufunga plasta, walipitisha kamera maalumu kuzunguka kigutu, wakarekebisha umbo kwenye kompyuta, wakachapa kikombe cha kuvalia. Hapo ngozi inabaki ngozi. Mwili wa mtoto hauna mstari ulionyooka, na kikombe kilichonyooshwa kwa namba kitamchubua. Sehemu za kufunga mguu wa bandia ndizo zinazohitaji vipimo kamili.

Nikamjibu yule mama hivyo, kwa maneno machache zaidi. Nikamwongezea kwamba mikono ya aina ya Raptor huvutwa na kifundo cha mkono: mtoto akikunja kifundo, nyuzi zinakaza na vidole vinafumba. Aliyekatwa juu ya kifundo anahitaji aina nyingine, inayovutwa na kiwiko.

Akamwita mwanaye aliyekuwa akicheza pembeni, akamshika mkono. "Kunja," akamwambia. Kifundo kikakunja. Akanitazama, akaniuliza kipimo kinaanzia wapi. Nikamwonyesha upana wa kiganja, kisha tukaenda kuazima futi kwa fundi cherehani.