Jina Lililobadilika Mdomoni: Roger Valdiserri na Kumbukumbu za Michezo za Notre Dame

Katika vyuo vikuu vya Marekani iko kazi moja isiyojulikana sana na watu wa nje, nayo ni kazi ya afisa habari za michezo. Afisa huyo hutumikia mabwana wawili. Wa kwanza ni gazeti la leo, lipaswalo kupewa sifa za wachezaji kabla ya pambano. Wa pili ni daftari la miaka mingi, ambamo ushindi na kushindwa huandikwa kwa tarehe na hesabu zake. Mabwana hawa hawapatani daima. Roger Valdiserri, aliyeshika kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimboni Indiana, tangu mwaka 1966, huhesabiwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa kuwatumikia wote wawili. Hata hivyo, tendo linalokumbukwa zaidi katika maisha yake ya kazi halikuacha alama yoyote katika daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la zamani. Notre Dame ilicheza pambano lake la kwanza la mpira wa Kimarekani tarehe 23 Novemba 1887, ikafungwa na Chuo Kikuu cha Michigan 8 kwa 0, na kushindwa huko kumehifadhiwa sawasawa na ushindi wote uliofuata. Wala ufundi wa kupamba haukuanza na Valdiserri. Mnamo tarehe 18 Oktoba 1924 timu hiyo iliishinda timu ya jeshi ya West Point 13 kwa 7 mjini New York. Mwandishi Grantland Rice akawafananisha wachezaji wanne, Stuhldreher, Miller, Crowley na Layden, na wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo. George Strickler, kijana mwanafunzi aliyekuwa msaidizi wa habari wa kocha Knute Rockne, hakuliacha neno hilo lipite. Timu iliporudi nyumbani alitafuta farasi wanne, akawapandisha wachezaji hao wakiwa katika mavazi yao ya mchezo, akaleta mpiga picha. Strickler alisimulia baadaye kwamba hata mfano wenyewe ulitokana na maneno yake mwenyewe, kwa kuwa wakati wa mapumziko aliitaja filamu ya wapanda farasi hao, na Rice alikuwa karibu akisikia. Ikiwa ndivyo, mtunza habari alikuwa pia mzazi wa habari. Lakini picha ile ipo, na kila aitazamaye hutambua mara moja kwamba imepangwa.

Jambo la Valdiserri ni la namna nyingine. Joe Theismann, kijana wa New Jersey ambaye baba yake alitoka Austria, alijiunga na Notre Dame, akawa mchezaji wa kuongoza mashambulizi na kuwarushia wenzake mpira. Nyumbani kwao jina hilo lilitamkwa kwa irabu i katika silabi ya kwanza. Mswahili angaliliandika Thismani. Tuzo kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1935, huitwa Heisman, na hilo hutamkwa Haismani. Valdiserri aliona yaliyokuwa wazi katika herufi lakini hayakuwa wazi katika sauti. Akamshauri kijana ajiite Thaismani, ili kila alitajaye jina lake aikumbuke tuzo. Kijana akakubali.

Kwa kanuni ya washairi wa Kiswahili majina hayo mawili yalikuwa na kina kimoja tangu mwanzo, kwani silabi za mwisho zilikuwa sawa. Kina cha Kiingereza hakitosheki na hilo: huanza katika irabu yenye mkazo, na mkazo hapa umo katika silabi ya kwanza. Ndiyo maana hila nzima ilitegemea irabu moja. Ilifaulu pia kwa sababu Waingereza huandika ei na kuisoma watakavyo, mara i, mara ai. Katika tahajia ya Kiswahili badiliko hilo lingalilazimu kuandika jina upya, na kila msomaji wa magazeti angaliuliza sababu. Katika Kiingereza hapakuguswa hata herufi moja. Tena liko jambo la kuchekesha kidogo: katika Kijerumani, ambako jina hilo lina asili yake, ei husomwa ai, hivyo irabu iliyochaguliwa kwa ajili ya biashara ya sifa ilikuwa karibu zaidi na ya mababu kuliko ile iliyotamkwa nyumbani New Jersey.

Daftari la mwaka 1970 lina mengi ya kijana huyo. Tarehe 28 Novemba, mjini Los Angeles, katika mvua, alirusha mipira iliyopata jumla ya yadi 526, na timu yake ikafungwa na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California 38 kwa 28. Yote mawili yameandikwa. Tuzo ya mwaka ule alipewa Jim Plunkett wa Stanford, na Theismann akawa wa pili. Mtu akikagua karatasi za ofisi, orodha za wachezaji za mwaka 1968 kwa zile za 1970, atakuta jina lile lile kwa herufi zile zile, wala hatadhani kwamba kati ya karatasi moja na nyingine lilitokea lolote. Mtu aliyelinda hesabu za yadi na tarehe za mapambano kwa uaminifu ndiye aliyegeuza sauti ya ukoo wa mtu, na badiliko hilo limefika kwa masimulizi ya watu tu, zaidi ya yule mchezaji mwenyewe, aliyelirudia mara nyingi.

Tuzo ilipokosekana, sababu ya kina iliondoka; matamshi hayakurudi. Theismann alichezea timu ya Washington kuanzia mwaka 1974, akaiongoza kuutwaa ubingwa wa nchi Januari 1983, na mguu wake ulipovunjika uwanjani mwezi Novemba 1985, mbele ya watazamaji wa televisheni wa nchi nzima, watangazaji walimtaja kwa irabu aliyopewa South Bend.