SMS for Life

SMS for Life ni mfumo wa programu ya seva uliounganisha simu za kawaida za wahudumu wa afya nchini Tanzania na kanzidata ya akiba ya dawa za malaria. Ulianzishwa na ushirika wa Roll Back Malaria, Novartis, Vodafone na IBM pamoja na wizara ya afya. Majaribio yalianza 2009 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, yakihusisha vituo 129 kwa wiki 21.

Kila Alhamisi seva ilituma ujumbe mfupi kwa kila kituo. Mhudumu alijibu kwa kutaja kiasi kilichobaki cha aina nne za pakiti za dawa mseto (ALu) na cha kwinini ya sindano. Aliyejibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Seva ilizipanga takwimu hizo, na mganga mkuu wa wilaya akaziona mtandaoni au kwenye simu yake, kisha akaweza kuhamishia dawa kwenye vituo vyenye upungufu. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa mfumo huu: zahanati haikuhitaji kompyuta wala intaneti.

Katika majaribio hayo, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26.

Baadaye mfumo ulipanuliwa nchi nzima.